Kaya Imehudhuria

Mwalimu Mkuu alinikabidhi daftari la mahudhurio la darasa letu kwa sababu nilikuwa napiga kelele kuliko wanafunzi wote, naye aliamini kwamba mtu mwenye kazi mkononi hufunga mdomo. Kuhusu mdomo alikosea siku ileile. Kuhusu daftari alikosea zaidi, ila hilo lilichelewa kujulikana.

Kwa kanuni, daftari ni la mwalimu wa darasa. Lakini shule yetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka sokoni Mhunze, ilikuwa na walimu wanne na madarasa saba. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa kijana ambaye naye alimaliza darasa la saba juzijuzi tu, akafundishwa ualimu kwa redio na vitabu vya posta, kisha akapewa madarasa matatu kwa mpigo. Mara nyingi tulimwona akipita dirishani. Chaki zilipokwisha aliandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu, na waliofuta ubao walilamba vidole. Mtu wa namna hiyo hawezi kuita majina hamsini kila asubuhi. Basi niliita mimi.

Kalamu zilikuwa mbili. Aliyekuwepo nilimpigia mstari wa buluu, asiyekuwepo duara jekundu. Ya buluu niliimaliza mara tatu. Nyekundu ilikauka yenyewe kwa kukosa kazi.

Msinielewe vibaya. Utundu ninao. Niliwahi kumvisha mbuzi wa Mwalimu Mkuu tai yake, na mbuzi alipendeza. Lakini mistari ile ya buluu sikuipiga kwa utundu. Niliandika nilivyolelewa.

Kwetu, siku ya shamba la kijiji, katibu haiti watu, anaita kaya. Mtu mmoja wa kaya hiyo akinyanyua jembe, awe baba mwenyewe au bibi aliyebakiwa na jino moja, katibu anasema, "Kaya imehudhuria," anaandika, anaenda kwa inayofuata. Waliobaki nyumbani hawaulizwi. Ng'ombe hawajichungi, maji hayajichoti. Serikali ilipoagiza kila mtoto aandikwe shule, na mzazi asiyepeleka apelekwe baraza la kata, wazee walishtuka. Balozi wa nyumba kumi akawatuliza: "Ni kama shamba la kijiji tu, ngosha. Msihangaike." Wazee wakashusha pumzi. Kila kaya ikatoa mtoto mmoja kwa siku, leo huyu, kesho yule, na hakuna aliyejiona anavunja sheria. Nami nikimwona mmoja wa kaya fulani kwenye benchi, nilipiga mistari kwa wote wa kaya hiyo. Kaya imehudhuria, shida iko wapi?

Sawa, kulikuwa na utundu kidogo. Kaya ambayo haikuleta hata mmoja niliipa mistari kwa kiganja cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Sikupata njaa mwaka mzima.

Kaya yetu ilikuwa na wawili darasa la saba. Mwaka ule wa amri watoto wa kila umri waliandikwa pamoja, ndiyo maana nilikaa darasa moja na kaka yangu wa mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba, aliyenizidi miaka miwili. Yeye alijua ng'ombe. Aliwapigia mluzi wakageuka. Mimi mara ya mwisho kuchunga nilikuwa natunga utani wa kumwambia mtu fulani, niliposhtuka ng'ombe wote walikuwa ndani ya pamba ya mwenyekiti wa kijiji. Baba akaamua: huyu wa mdomo aende shule, yule wa akili abaki na mifugo. Kwa hiyo kaka alikuja darasani siku zile tu nilipougua. Kwenye daftari, hakuwahi kukosa.

Mkaguzi wa shule alitukuta kwa sababu petroli ilikuwa haipatikani. Kwa kawaida pikipiki yake ilisikika kutoka mbali, madarasa yakapangwa, watoto wakaitwa toka mashambani mbio. Safari hii mafuta yalimwishia njiani, akaisukuma. Tulimwona amesimama mlangoni, jasho linamtoka, mwembamba kama fito, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, Ndugu Mkaguzi!"

"Marahaba. Kaeni. Nipeni maji, halafu nipeni daftari."

Alikunywa vikombe viwili, akafungua daftari, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Mwalimu Mkuu alikuwa ameingia, amesimama pembeni ya ubao.

"Shule hii," mkaguzi akasema taratibu, "hata malaria inaiogopa? Hakuna aliyewahi kuugua?"

Nikacheka. Nilikuwa peke yangu.

Akainua macho. "Shule inajibu mambo mawili. Watoto wapo? Na waliopo wanajua kusoma? La kwanza linaandikwa hapa. La pili nalipima mwenyewe. Yasipolingana, kuna mtu ananidanganya." Kidole chake kikateremka kwenye majina kikasimama. "Huyu hajakosa hata siku moja tangu Januari. Asimame."

Lilikuwa jina la kaka yangu. Darasa zima likanigeukia mimi.

"Yuko wapi?"

"Lamboni, Ndugu Mkaguzi," nikasema. "Ananywesha ng'ombe."

Nilitumwa kumleta. Nilikimbia, tukarudi wote tunakimbia, yeye na fimbo yake begani na tope mpaka magotini. Mkaguzi akampa kitabu cha darasa la nne. Kaka alikishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Akaanza. Herufi moja moja alizijua. Kuziunganisha ndiyo ikawa kazi. Neno la kwanza lilimchukua muda hadi mtoto mmoja nyuma akajamba, na hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo ni mabaya.

"Basi," mkaguzi akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilizidi kuuma. "Kijana, mwaka huu ulikuwa unakaa wapi humu darasani?"

Kaka alitazama madawati. Hajui kutania, hajawahi.

"Nadhani nilikaa kwenye daftari, Ndugu Mkaguzi."

Mkaguzi akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Nani anaandika hili?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, ule mdomo usiofungwa, lakini Mwalimu Mkuu alinitangulia. "Daftari liko chini yangu. Makosa ni yangu."

Mkaguzi akatikisa kichwa kama aliyejua kuna zaidi ya hapo. Kisha akatoa masharti, mbele yetu sote ili asije mtu kusema hakusikia. Atarudi baada ya wiki sita, kabla orodha ya watahiniwa haijapelekwa wilayani. Yeyote wa darasa la saba asiyeweza kusoma ukurasa mmoja na kuandika barua, atafutwa kwenye orodha ya mtihani. Yeyote atakayekosa zaidi ya siku kumi kati ya siku thelathini za wiki hizo, atafutwa. Na akikuta mstari mmoja wa uongo, Mwalimu Mkuu ataacha ukuu na kwenda kujieleza wilayani.

"Kwa wote," akasema. "Sitaki kusikia huyu ni mtoto wa nani."

Alipoondoka, akisukuma pikipiki yake, nilienda ofisini na nimeshavaa kaptula mbili kwa ajili ya fimbo. Mwalimu Mkuu alinitazama makalio yaliyovimba.

"Vua moja, utaugua joto."

"Mwalimu, kwa nini hukunitaja?"

"Nani alikupa daftari?"

"Wewe."

"Basi." Akafungua droo akatoa kalamu nyekundu mpya, nzima, bado na kifuniko. Sijui aliitoa wapi mwaka ule ambao hata sabuni ilipangiwa foleni. "Utaendelea kuandika wewe. Siku usipokuwepo msichana wa benchi la mbele ataita majina kwenye karatasi, na ukirudi utajaza mwenyewe. Kichwa kwa kichwa. Sitakuchungulia."

Ningependelea fimbo.

Nyumbani baba alisikiliza mpaka mwisho akiwa anasokota kamba. "Tangu lini mnahesabu vichwa? Mimi hata ng'ombe sihesabu, nawajua. Mmoja wenu ataenda, kaya itakuwa imehudhuria. Kesho uende wewe kama kawaida."

"Watamfuta kaka, baba."

"Wakinifuta naenda Geita," kaka akasema. Alilisema kama mtu anayesema anaenda kisimani. Binamu yetu alikuwa huko, anachimba dhahabu. Alikuja mara moja na viatu vya ngozi na redio, akakohoa usiku kucha, akaondoka, na tangu hapo tulisikia tu kwamba shimo fulani limefunika watu, na hatukujua kama ni yeye ama si yeye.

Mama mkubwa alikuwa anapepeta mtama. Huyu kaka ndiye mtoto wake pekee aliyebaki hai. Akaweka ungo chini, akanijia mimi, si baba.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika yupo?"

"Ndiyo, mayu."

"Basi mfanye awepo."

Akarudi kwenye ungo wake. Sijawahi kupewa amri fupi kuliko ile, na nimepewa nyingi.

Hesabu niliifanya kwa kijiti chini. Kaka lazima awepo kila siku, maana ana ya kufidia. Siku za shule ni thelathini. Nikichunga zote, mimi nimekwisha. Nikaenda kwa majirani wawili ambao nao walikuwa na watoto kwenye orodha, nikawapa wazo: tuunganishe mifugo ya kaya tatu, tuchunge kwa zamu, siku moja kaya moja. Thelathini kwa tatu ni kumi. Kumi zinaruhusiwa. Wazee walinisikiliza kwa mashaka, kwa sababu ya ile pamba ya mwenyekiti, lakini zamu ni jambo wanalolielewa. Wakakubali. Baba naye akakubali, akaniambia, "Ng'ombe wangu mmoja akipotea, hiyo barua ya mkaguzi utaiandika ukiwa umehamia kwa mjomba wako."

Nikaanza kuchunga. Ng'ombe walinidharau wazi. Kuna dume moja jeusi lenye pembe iliyopinda ambalo lilisubiri nianze kuimba ndipo litoroke, kila mara, kana kwamba sauti yangu ndiyo kengele. Nilikimbia zaidi katika wiki ile kuliko katika maisha yangu yote. Nilijifunza kunyamaza, jambo ambalo walimu wanne walishindwa kunifundisha.

Kaka naye alikaa benchi la mbele na watoto waliomfika kiunoni. Waliomcheka niliwajua kwa majina, na ilipofika zamu yangu ya utani walijuta. Lakini kitabu kilimshinda. Alisoma "Juma anakula embe" mara ishirini, kesho amesahau.

"Huyo mtu simjui," alilalamika. "Embe lake linanihusu nini?"

Jumapili ya kwanza tulikuwa wote lamboni. Maji yalishapungua, tope limeanza kukauka pembezoni, laini kama ubao. Nikachukua kijiti nikaandika: *Jike jeupe lenye sikio lililopasuka limezaa mara mbili.* Kaka akainama, akaunganisha, midomo inacheza. Kisha akakunja uso.

"Mara tatu."

"Nini?"

"Limezaa mara tatu, umeandika mbili. Ndama wa kwanza alikufa mwaka wa njaa. Futa."

Nikafuta. Nikamwangalia. Alikuwa hajagundua kwamba amesoma.

Tukaendelea hivyo. Kila Jumapili, na kila jioni kabla ya kufunga zizi, niliandika habari za ng'ombe mmoja, na kila mara niliweka uongo ndani. Hakuvumilia uongo kuhusu ng'ombe. Alisoma ili anisahihishe, baadaye akaninyang'anya kijiti na kuandika mwenyewe kwa hasira, herufi kubwa kama kwato. Mwalimu Mkuu aliposikia, naye akaanza kumpa habari za mifugo darasani, halafu za pamba, halafu za mvua, halafu ya yule Juma na embe lake. Akaisoma yote. Akasema bado haimhusu.

Wiki ya tatu lambo lilikaribia kukauka. Jirani mmoja aliamua kupeleka mifugo yake mbali kutafuta maji, akaondoka na watoto wake wote. Zamu za kaya tatu zikawa za kaya mbili. Hakuna kijiti kilichohitajika kwa hesabu ile.

Nilimwomba baba anisaidie siku nne tu. Alikuwa na mguu uliovimba, hakuweza kufuata kundi mpaka maji mapya. Mama zetu walikuwa pambani, mzigo wa mwisho wa kuchuma. Kaka akasema atarudi machungani. Nikamwambia akirudi nitamwambia kila mtu kwamba analia akisoma habari za ndama waliokufa. Ilikuwa kweli, kwa hiyo kesho yake akaenda shule.

Siku yangu ya kumi na moja nilichunga toka alfajiri mpaka jua likazama. Kesho yake nilifika shule kabla ya wengine ili nijaze daftari. Karatasi ya msichana wa benchi la mbele ilikuwa juu ya meza. Alikuwa ameshafika naye, anafagia.

"Ya ngapi hiyo?" akauliza.

"Unajua ya ngapi."

"Mimi sijui kitu. Mimi nafagia." Akafagia hatua mbili. "Kaka yako jana alikuwepo. Zamani hiyo ilitosha."

Kalamu zote mbili zilikuwa hapo. Niliishika ya buluu, sitasema uongo. Niliishika mpaka ikapata joto. Mwalimu Mkuu alikuwa ofisini, nilimsikia akikohoa, na kweli hakuchungulia. Hilo ndilo lililoniudhi. Angechungulia ningemdanganya kwa raha zangu. Nikachora duara jekundu mbele ya jina langu, la kumi na moja, nikalichora vizuri, la mviringo kabisa. Kisha nikaita majina.

Mkaguzi aliporudi nilikuwa na maduara kumi na manne.

Safari hii pikipiki ilisikika. Hakuna aliyekimbizwa. Waliokuwepo walikuwepo. Alimwita kaka wa kwanza kabisa, kabla hata ya maji. Kaka akasoma. Alisoma polepole, akakosea mstari wa tano, akarudi mwenyewe bila kuambiwa, akausahihisha, akaenda mpaka mwisho wa ukurasa na kwa sababu hakuna aliyemzuia akafunua na kuendelea na ukurasa wa pili. Mkaguzi akamwachia. Barua aliyoandika ilikuwa ya kumwomba bwana mifugo aje na dawa ya kupe. Mkaguzi aliisoma akaiweka ndani ya faili lake, akasema ataipeleka kweli.

Mama mkubwa alikuwa nje ya dirisha na mtungi kichwani, anajifanya anapita. Alikuwa amepita mara nne.

Kisha daftari. Mkaguzi akatabasamu kidogo kuona wekundu. "Sasa hii ni shule. Watu wanaugua, watu wanasafiri." Aliwafuta watoto wa jirani aliyehama, kisha wawili waliokuwa wamekaa humo darasani ambao walikosa sana. Kidole kikateremka. "Na huyu? Kumi na nne. Nani huyu?"

"Ni mimi."

"Na aliyeandika?"

"Ni mimi pia, Ndugu Mkaguzi."

Akavua miwani, uzi ukaning'inia.

Mwalimu Mkuu akasogea. "Ndugu Mkaguzi, huyu ndiye wa kwanza darasani. Amekosa kwa sababu…" akaeleza yote, zamu, lambo, jirani aliyehama. Sijawahi kumsikia akiomba kitu kwa mtu. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kufundisha jiografia.

Kaka akasimama bila kuitwa. "Nifute mimi. Yeye aingie. Ni kaya moja."

"Mtihani haufanywi na kaya," mkaguzi akasema. "Kaa chini, kijana." Akanigeukia. "Nimefuta wawili sasa hivi mbele yako. Nikikuruka wewe, wale niwaambie nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mimi huwa nayo. Niliwatazama wale wawili, mmoja anatafuna ukosi wa shati.

"Waambie walinizidi maduara mawili tu," nikasema.

Darasa likacheka, hata wale wawili. Mkaguzi hakucheka, lakini alichukua muda kuvaa miwani yake. Akapiga mstari kwenye jina langu, na pembeni akaandika kwamba niingizwe kwenye orodha ya mwakani. Mwalimu Mkuu alibaki na ukuu wake. Ndivyo ilivyokuwa. Nina miaka kumi na mitano na niko darasa la saba tena, magoti yangu hayaingii chini ya dawati.

Siku za mtihani nilichunga mimi. Ng'ombe walikuwa wameshanizoea, hata lile dume jeusi. Saa nane mchana wa siku ya mwisho nilimwona kaka akija kwenye mbuga iliyoungua, ameshika viatu vya kuazima mkononi. Akakaa karibu nami.

"Nikwambie yote?" akauliza.

"Unayakumbuka?"

Alinitazama kama nimemuuliza kama anawakumbuka ng'ombe. Akaanza na swali la kwanza la hesabu, neno kwa neno, kisha akasubiri. Nikajibu. La pili, nikajibu. Aliyatoa yote, somo moja baada ya jingine, bila kuruka, naye hakuniambia majibu yake mpaka nimesema yangu. Kundi lilikwenda likanywa likarudi. Tulipomaliza, maswali saba yalikuwa yamenishinda, na mawili kati ya hayo yeye aliyajua.

"Yarudie hayo saba," nikamwambia. "Polepole."